Namna ya Kufuatilia Mvutano wa Kumwidhinisha Jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani

Kiti kinapobaki wazi katika Mahakama ya Juu ya Marekani, vyombo vya habari hujaa kelele kwa wiki kadhaa, na mtu anayefuatilia kutoka mbali huishia kujua nani alimkaripia nani bila kuelewa kwa nini mteule alipita au aliangushwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji huyo. Ninachosisitiza ndani yake ni jambo moja: mvutano huu huamuliwa na hesabu ya kura na kalenda, wala si hotuba. Kwa hiyo anayetaka kuuelewa aanze na hesabu, afuate kalenda, na hotuba azisikilize kwa shabaha nyingine kabisa, ambayo nitaieleza nitakapofika kwenye usaili.

Anza na Katiba, ambayo imesema machache

Ibara ya Pili ya Katiba ya Marekani inampa Rais mamlaka ya kuteua majaji wa Mahakama ya Juu, kisha inataka Seneti itoe ushauri na ridhaa yake. Baada ya hapo inanyamaza. Haisemi Seneti ichukue siku ngapi, haisemi lazima mteule asailiwe, haitaji kiwango cha kura, na haidai hata kwamba jaji awe amesomea sheria. Idadi ya majaji pia haimo humo: sheria ya mwaka 1789 iliweka sita, Bunge likaibadilisha mara kadhaa, na tisa wa leo ni wa tangu 1869. Baraza la Wawakilishi halina kura yoyote katika jambo hili, ingawa wajumbe wake hawakosi la kusema.

Ukimya huo ndio chanzo cha ugomvi mwingi. Seneta akisimama na kudai kwamba Katiba inailazimisha Seneti kumsaili mteule, au kwamba Katiba inairuhusu kungoja uchaguzi, ujue kwamba kwa sehemu kubwa anazungumzia mazoea ya Seneti, na mazoea hubadilika pindi yanapokosa watu wa kuyatetea. Kinachosemwa wazi ni kwamba jaji hushika kiti maadamu ana mwenendo mwema, maana yake mpaka afe, astaafu kwa hiari yake au aondolewe kwa mashtaka bungeni. Jaji aliyeapishwa akiwa na miaka 50 anaweza kuwapo wakati marais watano wamekuja na kuondoka. Ndiyo sababu vyama havikubali kupoteza.

Wapo wanaosema siasa iliingia katika mambo haya juzi tu. Hao wakumbushwe kisa cha John Rutledge, aliyekataliwa na Seneti mwaka 1795 kwa kura 14 dhidi ya 10 asiendelee kuwa Jaji Mkuu, baada ya kutoa hotuba kali ya kuulaani mkataba ambao serikali ya George Washington ilikuwa imeufunga na Uingereza. Kilicho kipya ni kura kufuata mstari wa chama karibu mtu kwa mtu. Antonin Scalia, ambaye misimamo yake ya kihafidhina haikuwa siri, alipita mwaka 1986 kwa kura 98 bila hata moja ya kumpinga. Ruth Bader Ginsburg, wakili aliyejulikana nchi nzima kwa kesi za haki za wanawake, alipata 96 dhidi ya 3 mwaka 1993. Tangu John Roberts mwaka 2005, idadi ya maseneta wa chama kilicho kinyume na Rais waliokubali kumpitisha mteule imekwenda hivi: Wademokrat 22 kwa Roberts, 4 kwa Samuel Alito, Warepublican 9 kwa Sonia Sotomayor, 5 kwa Elena Kagan, Wademokrat 3 kwa Neil Gorsuch, mmoja kwa Brett Kavanaugh, na hakuna hata mmoja kwa Amy Coney Barrett, kisha Warepublican 3 kwa Ketanji Brown Jackson. Namba hizo nane zieleweke kwanza, maana mengine yote yanazizunguka.

Hesabu kura kabla ya kumsikiliza mtu yeyote

Chukua karatasi uandike viti vya kila chama katika Seneti yenye watu 100. Leo kinachohitajika ni wingi wa kawaida wa wanaopiga kura, na kura zikilingana, Makamu wa Rais ana haki ya kuamua, ingawa mpaka sasa hakuna jaji wa Mahakama ya Juu aliyewahi kuingia kwa kura ya Makamu wa Rais. Aliyeponea chupuchupu zaidi ni Stanley Matthews mwaka 1881, aliyepita kwa 24 dhidi ya 23.

Hesabu haikuwa hivyo siku zote. Kwa muda mrefu maseneta wachache waliweza kuzuia kura isipigwe kwa kuendeleza mjadala bila kikomo, mbinu inayoitwa filibasta, na kuifunga kulihitaji kura 60 kuanzia mwaka 1975, na theluthi mbili kabla ya hapo. Mwaka 1968 Rais Lyndon Johnson alitaka kumpandisha Abe Fortas awe Jaji Mkuu. Hoja ya kufunga mjadala ilipata kura 45 dhidi ya 43, mbali sana na kiwango, na jina likaondolewa. Hata hivyo silaha hiyo haikutolewa alani kila mara. Clarence Thomas alipita mwaka 1991 kwa 52 dhidi ya 48, na wapinzani wake 48 walikuwa wengi kuliko wanaohitajika kukwamisha kura, lakini hawakufanya hivyo. Waliona si desturi. Msomaji akitaka kupima umbali uliosafiriwa tangu wakati huo, apimie hapo.

Mlango ulivunjwa kwa awamu mbili, na kila chama kilishika shoka lake. Mwezi Novemba 2013 Wademokrat, wakiongozwa na Harry Reid, walibadilisha tafsiri ya kanuni kwa kura 52 dhidi ya 48 ili wateule wote, isipokuwa wa Mahakama ya Juu, waweze kupita kwa wingi wa kawaida. Mwezi Aprili 2017 Warepublican, wakiongozwa na Mitch McConnell, waliondoa hiyo isipokuwa, kwa idadi ile ile ya kura, ili Gorsuch apite. Maseneta wenyewe huita hatua hii chaguo la nyuklia. Jina ni la kutisha, lakini tendo lenyewe ni la kikarani: kiongozi wa walio wengi anauliza kuhusu kanuni, mwenye kiti anatoa uamuzi, uamuzi unapingwa, na Seneti inapiga kura kuupindua. Mtu aliyekuwa akitazama bila maelezo angeweza kusinzia na kuikosa.

Baada ya kujua viti, tafuta wanaoweza kuvuka. Usiwatafute kwenye mahojiano ya televisheni; watafute kwenye orodha ya maseneta ambao jimbo lao lilimchagua rais wa chama kingine, na wale ambao wamewahi kuvuka kabla. Kwa miaka mingi majina yalikuwa machache na yale yale: Susan Collins wa Maine, Lisa Murkowski wa Alaska, Joe Manchin wa West Virginia.

Kura ya Kavanaugh, tarehe 6 Oktoba 2018, ni somo zuri la hesabu hii. Warepublican walikuwa 51. Murkowski alikuwa ameamua kumpinga, na Manchin, Mdemokrat, alikuwa ameamua kumuunga mkono. Hapo ikatokea kwamba Steve Daines wa Montana, aliyekuwa anaunga mkono, binti yake anaolewa siku hiyo hiyo. Murkowski aliieleza Seneti kwamba angepiga kura ya kukataa, lakini kwa kuwa mwenzake hayupo, yeye anaiondoa kura yake na kuandikwa kwamba yupo tu. Tofauti ikabaki kura mbili kama ambavyo ingekuwa wote wawili wangepiga, na matokeo yakasomwa 50 dhidi ya 48. Walioona matokeo hayo bila kujua desturi ya kufidiana walidhani Murkowski ameyumba. Hakuyumba, alimfanyia mwenzake hisani isiyobadilisha chochote, na Daines akabaki harusini.

Uliza ni kiti cha nani

Ukali wa mvutano hautegemei sana sifa za mteule. Unategemea anayeondoka. Scalia alipofariki na mahali pake pakachukuliwa na Gorsuch, mhafidhina kwa mhafidhina, mizani haikubadilika, na kelele zilizokuwapo zilihusu zaidi jinsi kiti kilivyobaki wazi mwaka mzima. Lakini Lewis Powell, aliyestaafu mwaka 1987, alikuwa kura ya katikati, na Rais Ronald Reagan alipomteua Robert Bork, profesa aliyeandika kwa miaka mingi akizikosoa hukumu kubwa za enzi zile, Seneta Ted Kennedy alisimama siku hiyo hiyo kumpinga. Bork aliangushwa kwa 58 dhidi ya 42, Wademokrat wawili wakimuunga mkono na Warepublican sita wakimkataa. Aliyekuja baadaye kushika kiti hicho hicho, Anthony Kennedy, alipita kwa 97 bila kupingwa, na kwa miaka 30 yeye mwenyewe akawa kura ya katikati. Alipostaafu mwaka 2018, moto uliwaka tena mahali pale pale.

Vivyo hivyo kwa Thurgood Marshall kumpisha Clarence Thomas, na kwa Ginsburg kumpisha Barrett, mabadiliko yaliyoifanya mahakama kuwa ya wahafidhina sita kwa waliberali watatu. Kwa hiyo jaji akitangaza kustaafu, kabla hujasoma wasifu wa mteule, andika kando ya jina la anayeondoka mara ngapi kura yake ndiyo iliyoamua kesi za 5 kwa 4. Ikiwa ni nyingi, jiandae.

Kuna somo jingine ambalo vyama vilijifunza kwa uchungu. David Souter aliteuliwa na Rais George H. W. Bush mwaka 1990, akapita kwa 90 dhidi ya 9, na alipozoea kiti akawa anapiga kura pamoja na mrengo wa kiliberali. Wahafidhina hawakusahau. Ndiyo maana mwaka 2005 Harriet Miers, mwanasheria wa Ikulu aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, alikwamishwa na watu wa upande wake mwenyewe waliotaka ushahidi wa maandishi wa misimamo yake, na akajiondoa kabla hata ya kusailiwa. Wateule wa siku hizi huchaguliwa kwa sababu rekodi yao imeshasomwa mstari kwa mstari, na kuwasaili kwa nia ya kugundua wanaamini nini ni kama kupiga ramli juu ya jambo lililokwisha kuandikwa.

Shika kalenda mkononi

Anayeshika wingi wa Seneti ndiye anayeshika saa. Hakuna mahali pengine ambapo jambo hili limeonekana wazi kama katika visa viwili vilivyopishana kwa miaka minne.

Scalia alifariki tarehe 13 Februari 2016, mwaka wa uchaguzi. Siku hiyo hiyo McConnell, kiongozi wa walio wengi, alitangaza kwamba kiti kingoje rais ajaye. Rais Barack Obama alimteua Merrick Garland tarehe 16 Machi. Garland hakusailiwa wala hakupigiwa kura, na jina lake lilikaa siku 293 mpaka muhula wa Bunge ulipokwisha tarehe 3 Januari 2017 na likarudishwa. Kisha Ginsburg alifariki tarehe 18 Septemba 2020, zikiwa zimebaki wiki zisizotimia saba kufika uchaguzi. Barrett alitangazwa tarehe 26 Septemba, usaili ukaanza tarehe 12 Oktoba, na akaidhinishwa tarehe 26 Oktoba kwa 52 dhidi ya 48, siku nane kabla ya wananchi kupiga kura, huku Collins akiwa Mrepublican pekee aliyekataa. Warepublican walieleza tofauti kwa kusema kwamba mwaka 2016 Rais na Seneti walikuwa wa vyama tofauti, na mwaka 2020 walikuwa wa chama kimoja. Wademokrat walisema hiyo ni sababu iliyotengenezwa baada ya tendo. Msomaji ataamua mwenyewe. Ninachomwomba aone ni kwamba katika visa vyote viwili waliokuwa na wingi ndio waliopata walichotaka.

Kwa hiyo weka alama kwenye tarehe hizi: siku ya kutangazwa, siku jina linapopelekwa Seneti rasmi, siku ya kwanza ya usaili, siku ya kura ya kamati, siku ya hoja ya kufunga mjadala, na siku Bunge linapokwenda likizo ndefu au kumaliza muhula. Jua pia kwamba kanuni za kamati humwezesha mjumbe kuomba kura iahirishwe kwa wiki moja. Walio wachache hutumia nafasi hiyo karibu kila mara, na magazeti huiandika kama pigo. Si pigo. Ni wiki moja, na aliyepanga ratiba alishaihesabu.

Jinsi ya kutazama usaili

Mteule hupelekwa kwanza kwenye Kamati ya Sheria ya Seneti. Hujaza dodoso refu kuhusu kazi, mali na maandishi yake, FBI, shirika la upelelezi la serikali, humchunguza, na Chama cha Wanasheria wa Marekani kwa desturi humpa daraja. Wakati huo huo yeye hupita ofisi moja baada ya nyingine kuwasalimu maseneta, na jioni hufanyishwa mazoezi ya usaili na wanasheria wa Ikulu wanaojifanya maseneta wakali.

Usaili wa hadharani wenyewe si wa kale kama watu wanavyofikiri. Wa kwanza ulifanywa mwaka 1916 kwa ajili ya Louis Brandeis, ambaye hata hakufika. Wa kwanza kufika mwenyewe ni Harlan Fiske Stone mwaka 1925. Imekuwa desturi ya kila mteule tangu miaka ya 1950. Na kamera za televisheni ziliingia mwaka 1981 kwa Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Tangu kamera ziingie, asilimia kubwa ya maswali ni hotuba yenye alama ya kuuliza mwishoni.

Kwa kawaida siku ya kwanza ni ya maneno ya utangulizi, siku mbili zinazofuata ni za maswali, na ya mwisho ni ya mashahidi wengine. Asiye na muda aache siku ya kwanza. Siku ya pili asikilize mzunguko wa kwanza wa maswali, ambapo kila seneta hupewa kama nusu saa, na afanye zoezi hili: agawe kila jibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni maelezo ya sheria ilivyo, ambayo mwanafunzi yeyote wa sheria angeyatoa. Kundi la pili ni kukataa kujibu kwa sababu jambo linaweza kufika mahakamani, njia iliyopewa umaarufu na Ginsburg mwaka 1993 aliposema hatatoa vidokezo wala utabiri, na ambayo wateule wa pande zote wameifuata tangu hapo. Kundi la tatu, dogo kabisa, ni pale mteule anaposema jambo ambalo hakulazimika kulisema. Humo ndimo mlimo na habari.

Chukua suala la uavyaji mimba. Mwaka 2018 Kavanaugh aliulizwa kuhusu hukumu za Roe na Casey, zilizolinda haki ya kuavya mimba, akajibu kwamba ni hukumu zilizothibitishwa mara nyingi, na kwamba Casey ni uamuzi uliojengwa juu ya uamuzi. Maneno hayo yaliwaridhisha baadhi ya waliomsikiliza. Yasome tena polepole: yanaeleza historia ya hukumu hizo, na hayaahidi kitu. Mwaka 2020 Barrett aliulizwa kama Roe ni miongoni mwa hukumu zisizoguswa kabisa, akasema kwamba wingi wa maswali anayoulizwa kuihusu unaonyesha haimo katika kundi hilo. Hilo lilikuwa jibu la kundi la tatu, lililotamkwa kwa sauti ya upole mchana kweupe, na wengi walilipita. Tarehe 24 Juni 2022, katika kesi ya Dobbs, wote wawili walikuwa miongoni mwa majaji watano walioiondoa Roe.

Hapa ndipo hotuba zinapopata kazi yao. Maswali ya maseneta hayakuambii mteule atapita au la, lakini yanakuambia vyama vinatarajia kupigania nini katika miaka mitano ijayo. Orodhesha mada ambazo kila upande ulizirudia zaidi ya mara tatu na uihifadhi orodha hiyo. Elena Kagan, akiwa profesa mwaka 1995, aliulalamikia usaili wa aina hii kwamba umekuwa mtupu usiofundisha kitu. Miaka 15 baadaye alikaa mwenyewe kwenye kiti cha mteule, akakumbushwa maneno yake, naye akayalegeza. Simlaumu, aliyefunga mdomo amepita, na aliyejibu kila swali kwa kirefu, Bork, hakupita.

Kamati ikimaliza hupiga kura, lakini kura yake si kizuizi. Kwa Bork ilikuwa 9 dhidi ya 5 za kumkataa, kwa Thomas ilikuwa 7 kwa 7, na wote wawili walipelekwa ukumbini. Kwa Jackson ilikuwa 11 kwa 11, na siku hiyo hiyo Seneti nzima ikapitisha hoja ya kulitoa jina lake mikononi mwa kamati. Kwa Barrett, Wademokrat walisusia kikao na viti vyao vikawa na picha za wagonjwa waliodhani wangeathirika kesi ya bima ya afya iliyokuwa ikingoja mbele ya mahakama hiyo ikiamuliwa vibaya. Kura ikasomeka 12 kwa sifuri. Kichwa cha habari kinachotangaza kwamba kamati imekwama kisikutie wasiwasi.

Tuhuma zinapozuka mwishoni

Hapa ndipo wafuatiliaji wengi hupoteza dira. Mwezi Oktoba 1991, Anita Hill aliieleza kamati kwamba Thomas alimnyanyasa kwa maneno ya kingono alipokuwa msaidizi wake serikalini. Thomas alikana yote. Mwezi Septemba 2018, Christine Blasey Ford alieleza kwamba Kavanaugh alimshambulia kingono walipokuwa vijana wa sekondari. Kavanaugh alikana yote. Visa vyote viwili vilijitokeza baada ya usaili wa kwanza kwisha, na vyote viwili viliishia kwa kura za karibu.

Ushauri wangu ni kutenganisha maswali matatu ambayo wanasiasa huyachanganya kwa makusudi. La kwanza ni ushahidi: nani alisema nini akiwa chini ya kiapo, na nani mwingine aliitwa au hakuitwa. La pili ni utaratibu: tuhuma zilifika lini kwa kamati, nani alizijua mapema, na uchunguzi ulipewa siku ngapi. La tatu ni kura: ni seneta gani ambaye bado hajaamua, na anataka nini ili aamue. Mwaka 2018 jibu la swali la tatu lilikuwa mtu mmoja, Jeff Flake wa Arizona, aliyekubali kumpitisha mteule katika kamati kwa sharti kwamba FBI ipewe muda usiozidi wiki moja kuchunguza zaidi. Kwa wiki hiyo Marekani nzima ilimngoja yeye na wenzake wawili au watatu. Mtu anaweza kuwa na maoni thabiti kuhusu swali la kwanza na bado akaona kwamba lililoamua jambo ni la tatu.

Linganisha seneta na seneta yule yule

Nyani haoni kundule, na hakuna jengo linalothibitisha hivyo kuliko Bunge la Marekani. Kila seneta anapotangaza kanuni, tafuta alichosema chama chake kilipokuwa upande wa pili. Mwezi Juni 1992 Joe Biden, akiwa mwenyekiti wa kamati, alisema kwamba ikitokea nafasi msimu ule wa uchaguzi Rais asiteue mpaka kura zipigwe; Warepublican waliyafufua maneno hayo mwaka 2016 na kuyaita kanuni. Mwaka 2006 Obama, akiwa seneta, aliunga mkono filibasta dhidi ya Alito, kisha akiwa Rais akakuta mteule wake mwenyewe amezuiwa. Mwaka 2016 Lindsey Graham aliwaambia wenzake wayatumie maneno yake dhidi yake iwapo Mrepublican angepata nafasi ya kuteua katika mwaka wa mwisho wa muhula wake wa kwanza. Mwaka 2020 yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati iliyomsaili Barrett.

Zoezi hili lisifanywe kwa ajili ya kucheka tu. Linasaidia kukadiria hatua inayofuata, kwa sababu kila upande hupiga hatua yake mpya ukitaja hatua ya mwisho ya mwenzake kuwa sababu. Walioondoa kura 60 mwaka 2017 walitaja mwaka 2013, na waliofanya hivyo mwaka 2013 walitaja wateule wao waliokwamishwa. Ukitaka kujua kitakachofanyika mara ijayo, tafuta malalamiko ya sasa ya walio wachache.

Siku ya kura na baada yake

Hoja ya kufunga mjadala ikipita, husalia saa zisizozidi 30 za mjadala, kisha kura. Kwa wateule wa Mahakama ya Juu maseneta kwa desturi hukaa kwenye madawati yao na kusimama mmoja mmoja jina linapoitwa, tofauti na siku za kawaida ambapo huingia na kutoka huku wakimwonyesha karani kidole gumba. Ukiwa umehesabu vizuri, hutashangaa.

Usiache kufuatilia hapo. Aliyeidhinishwa bado si jaji: Rais husaini hati ya uteuzi, na mhusika hula viapo viwili, kimoja cha kikatiba na kingine cha kijaji. Barrett aliapa cha kwanza usiku ule ule katika Ikulu ya White House na cha pili kesho yake. Jackson aliidhinishwa tarehe 7 Aprili 2022, lakini Stephen Breyer, aliyempisha, alisema angeondoka mahakama itakapomaliza kazi za msimu, kwa hiyo aliapishwa tarehe 30 Juni, saa sita mchana, siku sita baada ya hukumu ya Dobbs kusomwa. Miongoni mwa majaji walioiamua kesi hiyo, yeye hakuwamo.